Maswali ya Wasomaji: Kuhesabu Samaki wa Miamba ya Tanga Wakati wa Kusi

SWALI: Shikamooni walimu wa safu hii. Nasoma sayansi za bahari, mwaka wa pili, na likizo hii nimepangiwa wiki sita za vitendo hapa Tanga kuhesabu samaki wa miamba. Nimefika mwamba uleule siku mbili. Siku ya kwanza nilipata samaki 212 kwenye mkanda mmoja wa kuhesabia, yaani eneo jembamba lililopimwa kwa tepu, ya pili 87. Msimamizi ananiuliza: waliobadilika ni samaki au ni wewe? Sina jibu. *Mwanafunzi, Raskazone*

JIBU: Marahaba. Huenda si samaki wala si wewe, ni maji. Likizo yenu huangukia kusi, majira ya upepo wa kusini, na kusi huchafua maji ya pwani. Mkanda wa mita 50 kwa 5 unakutaka uone vizuri mita mbili na nusu kila upande. Maji yakiwa na tope, waliopo hawaonekani, nawe unaandika kwamba hawapo. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu, pima mwono: mwenzako ashike kibao cheupe, arudi nyuma na tepu mpaka kibao kipotee machoni pako. Ikiwa chini ya mita 5, siku hiyo usihesabu. Fanya kazi nyingine.

Chagua pia siku. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya Tanga hupanda na kushuka mita 3 na zaidi, na mkondo huo hubeba tope la mikoko hadi miambani. Maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni rafiki yako: mkondo ni mdogo, na kwa pwani yetu maji ya siku hizo hujaa kama saa 4 au 5 asubuhi, jua likiwa limekwisha kupanda. Thibitisha kwenye jedwali la maji, kisha hesabu kuanzia saa moja kabla ya maji kujaa hadi saa moja baada ya kujaa. Epuka alfajiri na magharibi, maana samaki wa mchana na wa usiku wanapishana, na mwamba uleule unakuwa na wakazi wengine. Upepo ukizidi, kaa upande wa kaskazini-magharibi wa mwamba, uliokingwa.

Sasa mkanda wenyewe. Ukitandaza tepu kwanza, samaki wakubwa wanakimbia, basi ondoka usubiri dakika 10 ndipo urudi. Sisi tunapendelea njia nyingine: anayehesabu atangulie, mwenzake aifungue tepu nyuma yake. Njia yoyote utakayochagua usiibadilishe katikati ya kazi. Mwendo nao usibadilike, dakika 8 hadi 10 kwa mita 50. Ukienda dakika 15, wapita njia wataendelea kuingia kwenye mkanda na namba itapanda bila samaki kuongezeka. Anayetokea nyuma yako na kukupita haandikwi.

Wakati wa kwenda hesabu wakubwa na wenye kutembea: changu, pono, kangaja, chewa, kolekole. Wakati wa kurudi, punguza mkanda uwe wa mita 2 na uhesabu wadogo wanaokaa kwenye matumbawe. Ukijaribu yote kwa pamoja utaangalia chini na wakubwa watapita juu yako. Kundi la mbono likija usihesabu mmoja mmoja: hesabu kumi, tazama hao kumi wanachukua nafasi kiasi gani, kisha pima nafasi hiyo inaingia mara ngapi kwenye kundi zima.

Jambo la mwisho linatuuma kidogo, kwa sababu tunaliona kwenye ripoti nyingi. Wanafunzi huanzia mkanda pale penye matumbawe mazuri. Miamba ya Tanga iliumizwa sana na uvuvi wa baruti, na mabaki yake ni vifusi vya matumbawe vilivyotapakaa kama kokoto. Hivyo vifusi ni sehemu ya mwamba. Panga mahali pa kuanzia ukiwa bado kwenye boti, kwa kupiga kura ya namba, na mkanda ukiangukia kwenye vifusi uache hapohapo. Weka angalau mikanda minne kwa kila kituo, yote kina kimoja, na uachanishe mita 10 kati ya mmoja na mwingine. Hapo 212 na 87 zitakuwa na maana, kwa kuwa utajua ni kitu gani kilichobadilika.

Na ukisikia mlipuko ukiwa majini, panda botini mara moja.

SWALI: Tumeambiwa tukadirie urefu wa kila samaki kwa macho ili tupate uzito. Je, makosa ya sentimita tatu nne yana madhara? *Wanafunzi wawili, Sahare*

JIBU: Yana madhara makubwa kuliko mnavyodhani. Uzito hupatikana kwa kuzidisha *a* kwa urefu uliopandishwa kwa *b*; *a* na *b* ni namba za kila spishi, na *b* kwa samaki wengi iko karibu na 3. Chukueni mfano wa *a* = 0.02 na *b* = 3. Samaki wa sentimita 20 ana gramu 160. Mkimwandika 24, amekuwa na gramu 276. Kisha mkanda wa mita za mraba 250 unazidishwa kwa 40 ili kupata hekta, kwa hiyo kosa la samaki mmoja linageuka kosa la samaki arobaini.

Na jicho linadanganya upande mmoja. Ndani ya miwani ya kuzamia kila kitu huonekana kikubwa kwa takriban theluthi moja, na kama kimesogea jirani kwa robo ya umbali wake, kwa sababu mwanga hupinda unapotoka majini kuingia kwenye hewa ya miwani. Dawa yake ni mazoezi. Nunueni bomba la plastiki la fundi bomba, kateni vipande ishirini vya urefu usiofuatana, kati ya sentimita 8 na 50, na muandike urefu wa kila kimoja upande wa nyuma. Vifungeni kwenye kamba yenye vizito, vizamisheni, mpite mkikadiria kutoka umbali wa mita 2 hadi 4. Geuzeni, andikeni tofauti. Aliyezidisha kila mara ajue amezidisha kwa kiasi gani. Rudieni mpaka makadirio yaangukie kundi sahihi la sentimita 5, na baada ya hapo rudieni kila Jumatatu, maana jicho husahau.

Pono ana mtego wake. Spishi nyingi za pono hubadili rangi wanapokua, na majike wengine hugeuka kuwa madume yenye kijani na buluu kali. Mwanafunzi huandika spishi mbili palipo na moja. Kama hamna uhakika, andikeni "pono" na urefu wake, basi. Jina la kubahatisha ni baya kuliko jina pana.

SWALI: Nimepangiwa kupima samaki wa dema (mitego ya kusuka) kwenye diko, mahali pa kushushia samaki, la Kigombe. Wavuvi hawanipi nafasi. *Mwanafunzi wa vitendo*

JIBU: Wanunuzi wanasubiri na samaki anakauka juani. Usianze na ubao wa kupimia, anza na salamu. Siku ya kwanza nenda bila kifaa chochote, jitambulishe kwa viongozi wa kikundi cha usimamizi wa fukwe, eleza unapima nini na matokeo yatarudije kwao. Kama kazi yako inagusa eneo la Hifadhi ya Bahari ya Silikanti (yule samaki wa kale), iliyotangazwa 2009, hakikisha chuo kimepata kibali mapema.

Ukipewa tenga, pima tenga zima. Ukichagua wakubwa wanaong'aa umeharibu takwimu. Uliza idadi ya dema, zimelala usiku ngapi na wavuvi wangapi, kwani kilo bila hizo hazilinganishiki na za kesho. Mdomo wa samaki ufungwe na uguse ncha ya ubao, usome hadi panda ya mkia, pale mkia unapogawanyika, na uandike kwamba ulisoma hadi hapo. Andika jina la mvuvi kando ya jina la Kilatini: "changu" ni spishi kadhaa za *Lethrinus*, na mzee wa diko anazijua kwa majina ambayo kitabu chako hakina.

SWALI: Vijiwe vya sikio la samaki, vya kusomea umri wake, nimevihifadhi kwenye fomalini. Sawa? *Chumbageni*

JIBU: Hapana. Fomalini ina asidi, na vijiwe ni chokaa, vitaliwa. Vitoe leo, suuza kwa maji, kausha, weka vikavu kwenye kibahasha chenye namba ya samaki.

SWALI: Tasi akichoma mkono? *Mwarongo*

JIBU: Miba yake ya mgongoni, tumboni na ya pezi la mkunduni ina sumu. Toa mabaki ya mwiba, zamisha mkono kwenye maji ya moto ya nyuzi 40 hadi 45 kwa dakika 30 hadi 90, kwani joto huvunja sumu hiyo. Maji yajaribiwe kwanza na mkono usiochomwa, kwa sababu uliochomwa umekufa ganzi na utaungua bila kujua. Uvimbe ukipanda au pumzi ikibana, hospitali.