Jibu: Mji wa Wakelti uko wapi hapa Paris?

Mkuu, salama? Umesema umezunguka kisiwa cha Cité siku nzima ukitafuta mji wa Parisii, wale Wakelti walioipa Paris jina, usione hata jiwe. Macho yako hayana kosa. Mabaki makubwa ya makazi ya Kikelti yalifukuliwa Nanterre, nje kidogo ya jiji, na wataalamu bado wanabishana Lutetia (jina la kale la Paris) ya kwanza ilikuwa wapi. Mji wa Kirumi nao ulikaa zaidi ng'ambo, ukingo wa kushoto wa Seine.

Anza na makumbusho ya Cluny, kwenye ukumbi wa bafu baridi la Warumi. Humo imo Nguzo ya Wenye Mashua, nguzo ya mawe yenye michongo ya miungu, iliyopatikana chini ya Notre-Dame mwaka 1711. Jupiter wa Kirumi yumo, na Cernunnos wa Kikelti pia, ana mapembe yaliyotundikwa pete. Mimi niliganda pale nusu saa, mlinzi akaanza kunitazama vibaya.

Ukitoka, panda rue Saint-Jacques, ndiyo njia kuu ya Warumi, imenyooka kama uzi. Kisha nenda Arènes de Lutèce, uwanja wa maonyesho wa Warumi. Hakuna kiingilio, na utakuta wazee wanacheza pétanque, mchezo wa kurusha mipira ya chuma.