Meseji ya "ukurasa wako utafungwa ndani ya saa 24": usibonyeze hiyo linki

Dada, umeuliza kama hiyo meseji iliyokuja kwenye ukurasa wako wa keki, kwamba umekiuka hakimiliki na utafungwa kesho usipokata rufaa kwenye linki, ni ya kweli. Si ya kweli. Usiifungue hata kwa kuchungulia. Mwaka jana nilipoteza ukurasa wa Facebook niliokuwa namwendeshea shemeji yangu, fundi samani wa Keko, Dar es Salaam, kwa meseji inayofanana na hiyo karibu neno kwa neno. Ulikuwa na wafuasi 41,000 na nusu ya oda zake zilitokea humo.

Ilikuja saa nne usiku, nimechoka. Aliyetuma alikuwa na nembo ya bluu ya Meta, kampuni yenye Facebook, na jina la kiofisi. Sikujiuliza kwamba huo nao ni ukurasa wa kawaida tu, kama wako na wangu. Baadaye nilipofungua sehemu ya uwazi wa ukurasa, inayoonyesha historia yake, nikakuta ulikuwa wa kuuza viatu, umebadilishwa jina siku mbili kabla. Kuangalia hapo kunachukua nusu dakika.

Linki ilinipeleka kwanza kwenye posti iliyomo ndani ya Facebook yenyewe, ndiyo maana moyo ukatulia. Kitufe cha "rufaa" kwenye hiyo posti ndicho kilichonitoa nje. Ukiwa ndani ya Messenger, tovuti ya nje inafunguka humohumo, na anwani yake iko juu kwa maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma akiwa na hofu. Fomu ikaomba jina, namba ya simu, tarehe ya kuzaliwa, kisha neno la siri. Nikaandika. Ikasema nimekosea, niandike tena. Sikuwa nimekosea, wanakurudisha ili wawe na uhakika na ulichoandika. Halafu ikaomba tarakimu sita, na saa inahesabu kurudi nyuma kutoka dakika tano.

Hapo ndipo wengi tunapoanguka. SMS yenye zile tarakimu iliingia kweli, na ilitoka Facebook kweli, kwa sababu muda uleule mwizi alikuwa anaingia kwenye akaunti yangu kwa neno la siri nililompa. Watu husema weka uthibitisho wa hatua mbili, yaani neno la siri pamoja na namba kama hizo, ulale usingizi. Nilikuwa nimeweka, na wewe weka, unazuia mengi. Lakini namba unayoweza kuisoma, unaweza pia kudanganywa ukaitoa. Kwa anayeendesha kurasa za watu, bora ufunguo wa usalama, ule unaochomeka kwenye simu au kompyuta, maana wenyewe haukubali kufanya kazi kwenye anwani ya uongo.

Walinitoa mimi na shemeji kwenye orodha ya maadmini, yaani wasimamizi wa ukurasa, na kabla ya kupambazuka walikuwa wanalipia matangazo yao kwa kadi ya benki ya shemeji iliyounganishwa pale. Saa kumi na moja alfajiri akanipigia: "Shemeji, hizi hela zinakatwa na nani?" Mpaka leo nikikumbuka sauti yake naumia. Mali haikuwa yangu, alinikabidhi.

Tulianza kwa kufunga kadi. Kisha nikaingia facebook.com/hacked kwa simu na intaneti ileile niliyozoea kuitumia, nikabadilisha pia neno la siri la barua pepe, nikaondoa vifaa vyote nisivyovitambua. Akaunti yangu ilirudi siku ya 4. Ukurasa ulirudi siku ya 19, baada ya kutuma leseni ya biashara na kitambulisho cha shemeji. Katikati ya hapo niliandika posti ya kuomba msaada, wakaja "wataalamu" zaidi ya kumi wa kurejesha akaunti, mmoja akitaka shilingi 150,000 kwanza. Hao ni wezi wa awamu ya pili. Wakikufuata kwa SMS, namba zao zipeleke 15040, namba ya kuripoti utapeli hapa Tanzania.

Sasa wewe. Tatizo la kweli utalikuta ukiingia Facebook mwenyewe, bila linki ya mtu, kwenye hali ya ukurasa wako. Kama ni barua pepe ndiyo inakutia shaka, kwenye mipangilio ya usalama kuna orodha ya barua walizokutumia hivi karibuni. Isiyokuwepo pale si yao. Mwongeze pia mtu mmoja unayemwamini awe admini wa pili mwenye mamlaka kamili, na kadi ya benki usiiache imeunganishwa kama hulipii tangazo.

Halafu umesema binti anayekusaidia naye aliiona hiyo meseji. Muulize leo hii, bila kumkaripia asije akaficha, kama alijaza chochote. Kama alijaza, badilisheni maneno ya siri sasa hivi, kisha fungua orodha ya maadmini, na jina usilolijua liondoe kabla hujarudi kunijibu hapa.