Ng'ombe aliyetupa mimba: kabla ya maziwa, fikiria mikono iliyomzalisha

Mkuu, umeuliza kama maziwa ya ng'ombe aliyetupa mimba ya miezi saba yananyweka. Ila umegusia tu, kama jambo dogo, kwamba ulivuta kondo la nyuma kwa mikono mitupu na ndama mfu mkawapa mbwa. Nafuga huku Igunga, na hilo ndilo lililonishtua.

Mimba iliyopita miezi mitano ikitoka, wa kwanza kushukiwa ni brusela, ugonjwa wa bakteria unaotupisha mifugo mimba na kuambukiza watu pia. Yapo magonjwa mengine yanayotupisha mimba, lakini mpaka damu ipimwe, mhesabu kuwa anayo. Vijidudu vimejaa kwenye kondo, kwenye maji ya uzazi na kwenye ule uchafu unaoendelea kumtoka baadaye. Vinaingia kwa mchubuko mdogo wa kidole, kwa macho, hata kwa pumzi. Mbwa naye hubeba mabaki na kuyasambaza hadi kwa jirani. Siku nyingine vaa glovu za kufika begani na gambuti, funika pua na mdomo. Fukia kila kitu kwenye shimo refu, mwaga chokaa juu, kisha mwagia dawa ya klorini pale alipozalia. Penye kivuli na unyevu vijidudu hivyo huishi miezi. Jua la huku kwetu huviua upesi, kwa hiyo acha zizi lipigwe jua.

Maziwa yachemshe mpaka yatokote. Wengi huku wanaamini mtindi hauna shida kwa sababu umechacha. Hapana! Ukigandisha maziwa mabichi, brusela inaweza kubaki hai humo humo. Chemsha kwanza, ndipo ugandishe.

Mwite afisa mifugo achukue damu, na tafadhali usimpeleke ng'ombe huyo mnadani kabla ya majibu. Utamhamishia mwenzako msiba. Mkeo, uliyesema ni mjamzito na ndiye anayekamua, aache kazi hiyo leo. Brusela inaweza kuharibu na mimba ya binadamu.

Shemeji yangu alipougua brusela aliteseka na homa ya kuja na kuondoka, jasho la usiku, kiuno na magoti yakimuuma. Kila alikokwenda aliandikiwa malaria au taifodi, mpaka daktari mmoja alipomuuliza anafanya kazi gani. Kwa hiyo homa ikikushika miezi hii, usingoje kuulizwa: sema ulizalisha ng'ombe aliyetupa mimba, uombe kipimo cha brusela. Ikithibitika, kwa kawaida utapewa dawa za aina mbili kwa wiki 6. Zimalize zote, hata kama homa itashuka wiki ya kwanza, maana ukizikatisha ugonjwa unarudi.