Mume anataka tukope tununue nyumba, mimi silali

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 33, mume na watoto wawili. Tumepanga Tabata, kodi 250,000 kwa mwezi, na tuna akiba ya milioni 10. Mume wangu amepata nyumba Chanika inayouzwa milioni 70. Benki iko tayari kutukopesha milioni 60 kwa riba ya asilimia 15, miaka 20. Yeye anapokea milioni moja mkononi, mimi 600,000. Nafundisha shule binafsi kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Wifi anasema tunamjengea mwenye nyumba. Mume anasema namrudisha nyuma. Silali. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Nimechukua kalamu nikapiga hesabu zenu, na naelewa kwa nini hulali.

Deni la milioni 60 kwa masharti hayo lina rejesho la kama 790,000 kila mwezi. Mwezi wa kwanza, 750,000 inamezwa na riba. Deni lenyewe linapungua 40,000 tu. Hadi mmalize, mtakuwa mmeilipa benki karibu milioni 190.

Mishahara yote miwili ikiingia, mnabaki na 810,000 ya chakula, ada, umeme na nauli za alfajiri kutoka Chanika. Mtabana, ila mtaishi. Sasa chukulia shule isikuongezee mkataba. Zinabaki 210,000 kwa watu wanne. Nimepokea barua nyingi za watu waliofika hapo. Huanza kukopa kausha damu, ile mikopo ya mitaani yenye riba kali, ili walipe benki, na mwisho nyumba huenda mnadani. Benki imehesabu mshahara wako kana kwamba ni wa kudumu. Wewe unajua si wa kudumu, na ndicho kinachokuamsha usiku.

Wifi yako mwache aseme. Mimi na marehemu mume wangu tulipanga Magomeni miaka 11, huku tunapandisha ukuta kidogo kidogo. Tulihamia madirisha yakiwa na nailoni. Mvua ya kwanza ilipoingia sebuleni nililia, lakini hakuna aliyekuja kutudai.

Mumeo naye usimwone mbaya. Anataka watoto wake walale kwao, na hilo ni jema. Kwa hiyo usimpe "hapana" tupu, mpe jaribio. Rejesho ni 790,000, kodi mnayolipa ni 250,000. Tofauti ni 540,000. Fungueni akaunti ya pembeni, muiweke humo kila mwezi kwa miezi sita bila kuigusa, hata shule zikifunguliwa, hata kukiwa na msiba kijijini. Mkifikisha 3,240,000, mtakuwa na zaidi ya milioni 13 na mtazungumza na benki mkijua nguvu zenu. Mkishindwa mwezi wa tatu, mtakuwa mmeshindwa bila nyumba kuwekwa dhamana. Dalali atawaambia kuna mteja mwingine anayelipa kesho. Madalali husema hivyo kila siku. Nyumba nyingine zitapatikana.

Milioni 10 inatosha pia kuanza kuulizia kiwanja kilichopimwa, pembezoni mwa jiji au Kibaha, mkajenga kwa awamu. Mimi ningeanzia huko. Ila msimlipe mtu kwa sababu ya mhuri wa serikali ya mtaa peke yake. Mfanye upekuzi kwa msajili wa hati, mjue jina lililoandikwa ni la nani na kama kuna deni au zuio juu yake.

Na jambo hili nataka ulishike sana. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi, kwa hiyo benki itaitaka sahihi yako. Usiitoe ili tu amani irudi ndani. Siku mkinunua, hati iwe na majina yenu wote wawili.

Leo usimwambie tena kwamba unaogopa, ameshalisikia. Subiri watoto walale, andika 210,000 kwenye karatasi, mwekee mezani, umuulize mwezi huo mngeula vipi, na ada ya mdogo mngeitoa wapi. Kisha nyamaza umsikilize, hata akichukua usiku mzima kujibu.