Barua kwa mwanangu: fundi, waya na nondo za dirisha

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Nimeusoma ujumbe wako. Umempata fundi wa mtaani huko Arusha wa kufunga shawa ya umeme na soketi nne za jikoni. Anataka nusu ya hela kabla hajaanza, na vifaa anunue yeye. Unauliza kama umwamini, na kama kuna la kuhofia upande wa moto. Kwangu hayo ni swali moja. Moto wa umeme huanzia pale ambapo huoni tena: ndani ya ukuta, juu ya dari, nyuma ya soketi. Basi usihangaike kumpima kwa maneno yake. Panga kazi na malipo ili kila kitu ukione kabla hakijafunikwa.

Kwanza mwombe leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, usome jina na tarehe ya kuisha. Wapo mafundi hodari wasio nayo, sibishi, ila nyumba yako si mahali pa kumjaribia mtu. Akikuambia anaweza kuchukua umeme kabla haujapita kwenye mita ya LUKU, agana naye hapo hapo. Lakiri ya TANESCO haiguswi, na waya wa namna hiyo hauna breka yako (swichi inayojikata mzigo ukizidi) ya kuulinda.

Vifaa nunua mwenyewe, yeye akuandikie orodha yenye saizi. Shawa nyingi ni za wati 5,500. Gawa kwa volti 230, unapata ampia 24 hivi. Mzigo huo unataka njia yake peke yake: waya wa 6 mm² kutoka kwenye DB (boksi la breka za nyumba), breka yake ya ampia 32, na swichi kubwa ya ampia 45 nje ya mlango wa bafu. Kama kutoka DB hadi bafuni ni mita 12, ongeza 2 za kupanda darini, 2 za kushuka, na moja ya akiba kila mwisho. Hizo ni mita 18 kwa waya mmoja, na waya ni tatu (laini, nyutro na ethi), jumla mita 54. Akikuandikia mita 100, muulize zinakwenda wapi.

Njia ya mkato ninayoiogopa kuliko zote ni fundi kuchukua umeme wa shawa kwenye taa ya bafuni, ambako waya ni wa 1.5 mm². Maji yataanza kupata moto, halafu muda si mrefu breka itakata, na kila ukiwasha itakata tena. Ataitwa, atang'oa breka ya ampia 10 aweke ya 32, na kelele zitaisha. Breka iko pale kulinda waya. Ukiipandisha bila kubadili waya, waya utaungua ukutani na breka imekaa tu. Kwa hiyo fundi yeyote anayetibu breka inayokata kwa kuweka kubwa zaidi, mshukuru na umlipe nauli.

Dukani, kwangua ncha ya waya kwa kisu. Shaba ni nyekundu hadi ndani. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa. Inapitisha umeme vibaya zaidi, inalegea kwenye skrubu, na roli lake utalihisi jepesi mkononi. Chukua risiti, maana waya wa bandia unarudishwa siku ile ile au haurudishwi kabisa.

Kuhusu malipo, mpe kianzio cha nauli na chakula, si nusu. Sehemu kubwa ya hela ya ufundi alipwe wakati mabomba ya kupitishia waya na waya wenyewe vimeshalazwa ukutani, lipu haijapigwa. Hapo pita ukiangalia viungo. Waya uliosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu ndani ya ukuta ukataliwe. Viungo vyote viwe kwenye boksi, vimebanwa kwa konekta ya skrubu. Kiungo kilicholegea ni kibaya kwa sababu breka haikioni: umeme unaopita ni wa kawaida, joto tu ndilo linalojikusanya pale pale, hadi plastiki inageuka kahawia. Piga picha kila ukuta kabla ya lipu. Mwakani ukitaka kupigilia msumari wa kabati, utajua waya umepita wapi.

Hela iliyobaki, hata kama ni theluthi, itoke baada ya majaribio. Kama DB haina RCD ya miliampia 30 (swichi inayokata umeme ukivuja, isije ikakupiga shoti), ongeza, hasa kwa bafu. Bonyeza kitufe chake cha majaribio: isipokata, haifai. Kisha washa shawa dakika 15, zima, uguse uso wa breka na swichi. Uvuguvugu ni kawaida. Ukishindwa kuacha kidole, au ukisikia harufu kama ya samaki, skrubu haikukazwa. Zima umeme wote, akaze mbele yako.

Soketi za jikoni zina nafuu: waya wa 2.5 mm², breka ya ampia 20. Zikiwa nne utaachana na ekstensheni, na hapo umepata faida kubwa. Birika la wati 2,000 peke yake linavuta karibu ampia 9, na ekstensheni nyingi za bei poa zina waya mwembamba usiostahimili hata hizo.

Sasa jambo ambalo hukuuliza. Nondo za madirisha yako zimechomelewa moja kwa moja, na sebule ikishika moto, vyumbani hakuna pa kutokea. Tafuta fundi wa kuchomelea, akufanyie fremu moja ya bawaba kwa kila chumba cha kulala, uwazi usiopungua sm 60 kwa 60. Kufuli liwe la ndani, ufunguo kwenye msumari mita moja hivi kutoka dirishani, mkono wa mwizi usifike ila wa mtoto ufike. Fremu aichomelee karakanani, nyumbani aje kufunga kwa bolti. Ikilazimu achomelee hapo, toa mapazia na magodoro, weka ndoo ya maji, na mtu akae chumbani saa nzima baada ya kazi, kwa kuwa cheche hufukuta kimya kimya. Rangi isigandishe bawaba; fungua kila mwezi.

Mtungi wa kuzimia moto, wa poda, utundike karibu na mlango wa kutokea jikoni, si juu ya jiko. Mafuta yakiwaka kwenye kikaango, zima jiko, funika, usimwagie maji. Zimamoto ni 114.

Kabla hujamlipa za mwisho, nitumie picha ya DB ikiwa wazi, umeme umezimwa, nione saizi za breka.

Mama yako anakusalimu.

Baba