Barua kwa mwanangu: Friji hakuna, hadithi andika

Mwanangu Zulfa,

Hatujambo hapa Busia. Mvua imenifanya nifunge kibanda mapema leo, kwa hiyo nakuandikia kwa utulivu badala ya kukutumia zile sauti za WhatsApp zinazokatikakatika. Umeniuliza mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni ule ukurasa wa Facebook wenye jina la supamaketi ya huko Kampala, unaosema umeshinda friji na utume shilingi 85,000 za usafiri na kodi kabla ya saa kumi jioni. La pili ni shindano la hadithi fupi la Jumuiya ya Madola, alilokutumia mwenzako wa chuo. Ukamalizia: "Mama, wewe unashinda na mambo ya pesa za simu kutwa nzima, nitajuaje lipi la kweli?"

Friji hakuna. Usitume hata shilingi, wala usiwajibu kwa kuwatukana, maana ukijibu tu wanajua laini hiyo ina mtu, na kesho watakuja na hadithi nyingine.

Sasa sababu. Watu wengi watakwambia uogope zawadi kubwa. Mimi sikubaliani nao sana. Kampuni za hapa Uganda hutoa pikipiki, hata magari, na watu wa kawaida huyachukua. Matapeli nao wameshajua kuwa kikubwa kinashtua, siku hizi wanaahidi vidogo: elfu hamsini, bando la wiki, simu ya kawaida. Ninachotazama mimi ni kama mtu anaweza kushindwa. Shindano la kweli limeandika linafungwa lini, nani haruhusiwi kuingia, washindi ni wangapi na watapatikana vipi, na wengine wote wataondoka mikono mitupu. La matapeli halina wa kuondoka mikono mitupu, kila anayeligusa ameshinda. Wewe mwenyewe hukumbuki kuingia kwenye shindano lolote la hiyo supamaketi, basi jina lako lilitoka kapu gani?

Utaona pia ule mchezo unaozunguka kwenye WhatsApp, wa masanduku ya zawadi. Unafungua la kwanza, tupu. La pili, tupu. La tatu, hongera, umepata simu! Nimewaona vijana wawili wameketi kwenye benchi langu wakifungua mchezo huo, kila mmoja na simu yake, na wote "wakabahatika" kwenye sanduku la tatu. Baada ya hapo unaambiwa uusambaze kwa marafiki ishirini ndipo upewe. Hawawajui shangazi zako, ndiyo maana wanakutumia wewe: ujumbe ukitoka kwako shangazi ataufungua bila kuuliza.

Mwezi uliopita alikuja mzee mmoja mvuvi kutoka Majanji, simu iko sikioni, hataki kuikata. Akanipa shilingi laki moja na nusu niziweke kwenye namba aliyoiandika kiganjani kwa kalamu. Nikaingiza namba, na kabla ya kuthibitisha likaja jina la mwenye laini, kama kawaida. Nikamgeuzia simu aone: jina la mtu binafsi, la kwanza na la ukoo. Nikamuuliza kama ni ndugu yake. Akasema hapana, hiyo ni kampuni ya simu, ameshinda milioni tano na hiyo laki na nusu ni ya kufungulia pesa zake. Yule wa kwenye simu alikuwa anasikia, akamwambia, "Huyo ndiye mhasibu wetu, mwambie wakala aache maswali." Nikamwambia mzee amjibu hivi: akate hiyo laki na nusu kwenye zile milioni tano, kisha amtumie zinazobaki. Mzee akasema maneno hayo hayo, kwa adabu zake zote. Simu ikakatwa. Akapiga tena, haipatikani.

Chukua hilo la mzee na wewe ulitumie popote. Anayedai ada yoyote, mwambie aitoe kwenye zawadi. Kama zawadi ni kitu na si pesa, mwambie utalipia usafiri kitu kikifika mlangoni na umekigusa kwa mkono. Na kila unapotuma pesa soma jina linalotokea kabla ya kuingiza namba ya siri. Kampuni haipokei malipo kwa laini ya mtu aitwaye fulani bin fulani.

Kuhusu hiyo "kodi" waliyokutajia, wanacheza na woga wetu wa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda. Kodi ya URA hailipwi kwa kutuma pesa kwenye laini ya mtu. Unapewa namba ya malipo, ile wanayoiita PRN, na kwa namba hiyo unalipa benki au kwa simu, pesa zikaenda serikalini moja kwa moja. Mtu akikwambia umtumie yeye halafu atakulipia URA, hata hiyo namba hana.

Promosheni za kweli za hapa kwetu nyingi unazijua. Kizibo cha soda chenye namba ndani, unaituma kwa ujumbe kwenye namba fupi, basi. Soda umeshaikunywa, hukupoteza kitu, na pengine utapata fulana au muda wa maongezi. Mimi mwenyewe vizibo hivyo navituma, usinicheke. Bahati nasibu na promosheni za aina hiyo zina sheria yake, Sheria ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2016, na kuna bodi ya taifa inayotoa leseni na kuzisimamia. Kwa hiyo una haki ya kuuliza: kibali chenu kiko wapi, droo inachezeshwa lini, nani anaishuhudia? Kampuni halali itakujibu hata kama ni kwa uvivu. Tapeli atakuharakisha. Mwambie na mdogo wako Idi, anayependa kubonyeza magurudumu ya bahati huko mtandaoni, kwamba sheria hiyo hiyo hairuhusu mtu wa chini ya miaka 25 kucheza kamari. Yeye bado, na najua atanuna.

Namba iliyokupigia isikuhakikishie wala kukukatisha tamaa, kwa kuwa hata kampuni ya kweli inaweza kukupigia kwa namba ya kawaida inayoanza na 07. Unachofanya ni kutoka nje ya njia waliyokuwekea. Kama ni kampuni ya simu, piga 100 wewe mwenyewe. Kama ni supamaketi, wewe unaishi Kireka, panda taksi uende kwenye duka lao umuulize meneja. Kama ni bidhaa, piga namba iliyochapwa kwenye pakiti. Usitumie hata mara moja namba au kiungo kilichokuja ndani ya ule ujumbe wa pongezi, maana atakayekupokea huko ni yule yule mwenzao.

Ule ukurasa wenyewe nimeufungua jana usiku. Ukibonyeza sehemu ya maelezo kuhusu ukurasa, Facebook inakuonyesha ulianzishwa lini na umewahi kuitwa majina gani. Huu ulianza kama ukurasa wa mashabiki wa mpira, ukageuka wa nguo za mitumba, sasa ni supamaketi! Halafu wale wanaoandika chini "asanteni nimepokea yangu", fungua akaunti zao mbili tatu uone. Picha moja, marafiki hakuna, hawajawahi kuandika jambo lingine lolote duniani.

Na kile kiungo, jifunze kukisoma kutoka kulia. Tafuta mkwaju (alama hii: /) wa kwanza baada ya jina, kisha rudi nyuma hadi kwenye .com au .co.ug. Neno lililogusana nalo upande wa kushoto ndilo mwenye nyumba. Hilo jina la supamaketi walilolitanguliza mwanzoni kabisa ni pambo, mtu yeyote anaweza kulibandika. Ile alama ya kufuli nayo isikudanganye: inamaanisha tu kwamba mnayozungumza hayasomwi njiani, haikwambii unazungumza na nani.

Pesa ni jambo moja. Kuna vitu vitatu ambavyo mshindi wa kweli haombwi kamwe: namba ya siri ya pesa za simu, neno la siri la barua pepe, na zile tarakimu sita zinazoingia kwa ujumbe. Hizo sita ndizo ufunguo wa WhatsApp yako. Ukizitoa, akaunti inahamia kwenye simu yao, na jioni hiyo hiyo ndugu zako wote wanaombwa mkopo kwa jina lako na picha yako. Kitambulisho ni suala la kupima zaidi. Kampuni halali inaweza kukiomba siku ya kukukabidhi zawadi, ana kwa ana, ili ihakikishe wewe ni wewe. Kupiga picha ya kitambulisho pande zote mbili na kuituma kwa mtu usiyemjua ili "ujisajili", hapana. Tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha, anayechukua taarifa zako anatakiwa akueleze anazitakia nini. Muulize.

Kama kuna rafiki yako ameshatuma pesa, asikae kulia kwanza. Apige 100 dakika hiyo hiyo aombe muamala uzuiwe, maana zikishatolewa kwa wakala mwingine kuzipata ni kazi kubwa. Abadilishe namba ya siri, asifute ujumbe wowote, aende polisi na namba ya muamala. Na ajiandae, baada ya siku chache atapigiwa na mtu mpole sana anayesema anaweza kumrudishia pesa zake kwa ada kidogo. Mara nyingi ni wale wale, wanarudi kwenye shamba walilolivuna.

Sasa hadithi. Hili la pili nimelisoma kwa hamu, na hapa jibu langu ni tofauti. Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola ni ya kweli, inaendeshwa na taasisi ya Jumuiya yenyewe, na mwaka 2014 ilichukuliwa na Mganda. Angalia masharti yake yalivyo makavu. Lazima uwe raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola, uwe na miaka 18 au zaidi, hadithi isiwe imeshachapishwa, iwe na maneno kati ya 2,000 na 5,000. Ukipunguza au ukizidisha, umetoka. Mshindi wa kila kanda anapata pauni 2,500, wa jumla anapata 5,000, na kuingia ni bure. Hakuna mahali wanapokuambia una bahati.

Usishtuke ukikuta shindano lingine la uandishi lenye kiingilio. Yapo mengine ya nje yanayotoza ada ya kusomea, nayo ni halali, kwa sharti kwamba ada hiyo imetangazwa tangu mwanzo na kila anayeingia anailipa, awe atashinda au hatashinda. Mimi binafsi singelipa, lakini huo si wizi. Wizi ni ada inayozaliwa baada ya pongezi.

Hata hivyo usiingie kwa kiungo alichokutumia mwenzako. Simaanishi yeye ni mbaya, ila majina makubwa huigwa. Andika mwenyewe jina la taasisi kwenye simu, ufike kwenye tovuti yao, uone kama dirisha liko wazi na linafungwa lini kwa saa za wapi, kwa kuwa usiku wa manane wa London kwetu ni alfajiri.

Wanapokea Kiswahili pia. Ile yako ya bibi na wanawake wa magendo ya sukari mpakani ndiyo ningeituma, lakini kwa ilivyo sasa imezidi maneno 5,000 na hawataisoma. Harusi ile ya katikati ni ndefu mno, na yule mjomba wa Tororo anaweza kutoka mzima mzima bila mtu kumuulizia. Nitumie nakala kabla ya Ijumaa nikuonyeshe pa kukata.

Mama yako,
Busia