Trela kuukuu linapotoa chokaa

Siku tuliyolileta trela nyumbani, mke wangu aliliegemea akiwa na buibui lake jeusi. Alipojitoa, mgongo mzima ulikuwa mweupe. "Baba Salma, umenunua nyumba au ubao wa shule?"

Trela lenyewe, nyumba ndogo ya safari inayovutwa na gari, ni la 1997, futi 22, kuta za faibagilasi. Nililinunua kwa mzee mmoja hapa Minnesota, Marekani, aliyekuwa amelitelekeza nyuma ya ghala lake, ubavu mmoja ukitazama kusini. Ubavu huo ndio uliolichafua buibui. Wa pili haukuwa na hali mbaya hivyo.

Ule unga si vumbi. Faibagilasi ina ngozi nyembamba juu yake, mafundi wa boti huiita jelikoti, na jua likiipiga miaka nenda miaka rudi, sehemu ya juu hufa ikawa unga. Ndiyo maana ukiliosha linapendeza likiwa limelowa, likikauka linapauka tena. Mimi niliosha mara tatu ndipo nikaelewa.

Mara ya tatu nilikodi mashine ya presha, kama zile za kuoshea magari. Ilibandua stika nusu, na jioni nikakuta godoro chini ya dirisha limelowa chapachapa. Kuta za trela la aina hii ni tabaka zilizounganishwa kwa gundi: faibagilasi, ubao mwembamba, povu gumu. Maji yakiingia, gundi inaachia na ukuta unafura kama chapati kikaangoni, na hapo polishi haikusaidii kitu. Mpira wa bustani, brashi laini na sabuni ya gari vinatosha. Sabuni ya vyombo nayo huondoka na nta, kwa hiyo iache jikoni.

Anzia juu. Paa langu ni la mpira, nao hutoa unga wake mweupe ambao mvua huuteremsha ukutani ukaacha michirizi, kwa hiyo aliyeanza na kuta ataziosha tena. Usiguse mpira huo kwa petroli wala tina ya rangi, unaharibika. Ukiwa huko juu kagua gundi inayozunguka matundu ya hewa na kingo zote. Palipopasuka, safisha, kisha mimina gundi ya paa inayojitandaza yenyewe. Silikoni hapana! Ikishashika pale, hakuna kingine kitakachoshika juu yake. Huku kwenye baridi, maji yaliyojificha ufani huganda na kutanuka, na ufa mdogo wa Oktoba unakuta umekuwa mkubwa ifikapo Aprili.

Sasa ndiyo kazi yenyewe, kuikata ile ngozi iliyokufa. Nilitumia rabingi kompaundi ya boti, yaani dawa ya kusugulia, na mashine ya polishi inayozunguka huku ikitikisika, maana ile ya kuzunguka tu inaunguza haraka ukiwa mgeni. Jaribu kwanza mahali pa kujificha. Fanya kivulini, kipande cha futi mbili kwa mbili, mashine isisimame sehemu moja, na kwenye kona na kingo tumia mkono kwa sababu ngozi hapo ni nyembamba. Kila kipande nilikipitia mara mbili, nikafuta, nikapaka nta ya gari siku hiyohiyo. Ubavu wa kusini ulinila wikiendi mbili nzima na bega halikunisamehe upesi. Kama trela lako ni la bati la alumini lililopakwa rangi, nenda polepole zaidi: kitambaa kikianza kuchukua rangi ya bati, unalivua nguo.

Jirani kambini alinishauri nipake ile dawa ya kung'arishia sakafu, niepuke kazi yote hii. Linang'aa kweli siku ya kwanza. Lakini nimeyaona matrela yaliyopakwa hivyo baada ya majira machache ya joto, manjano, yakibanduka magamba, na kuyavua magamba hayo ni kazi kuliko polishi. Mimi napaka nta Mei na Oktoba, kazi ya muda wa saa tatu hivi kila mara.

Stika zilizobaki nilizipasha moto kwa draya ya nywele, nikaziinua taratibu kwa kadi ya plastiki. Chini yake jelikoti haikuwahi kuonja jua, kwa hiyo umbo la kila mstari wa stika limebaki, jeupe zaidi ya ukuta. Nimelikata polishi mara mbili na bado linaonekana. Nimeliacha.